Nyoka kwenye fimbo ya askofu: namna ya kuwasoma wanyama waliochongwa katika pembe za ndovu za Zama za Kati

Swali hili limetoka kwa katekista mmoja wa Kanda ya Ziwa, ambaye pamoja na maneno yake ameambatisha picha ya kichwa cha fimbo ya askofu kilichochongwa kwa pembe ya ndovu huko Italia katika karne ya 13. Fimbo inapanda wima, kisha inajikunja kuelekea ndani kama mkia wa kinyonga; ncha ya mkunjo ni kichwa cha nyoka aliyeachama, na mbele ya kinywa chake, katikati ya duara, amesimama mwanakondoo mdogo aliyebeba msalaba. Anauliza kwa nini nyoka awekwe mkononi mwa mchungaji wa Kanisa, na ndege wawili walio kwenye tufe chini ya mkunjo wana maana gani. Anauliza pia kama simba, anayeonekana mara kwa mara katika kazi za namna hii, ni Kristo au ni Shetani, kwa kuwa amesoma mahali hivi na mahali pengine vile. Na mwisho anataka kujua kama pembe zenyewe zilitoka huku kwetu. Anaeleza kwamba mwenzake mmoja alipoiona picha alitamka kuwa huo ni ushahidi wa Wakristo wa kale kumsujudia joka, naye akakosa la kujibu.

Ndugu Katekista, nitaanza na nyoka, maana ndiye aliyeleta ubishi. Lakini kuna jambo moja ambalo ukilishika mapema, mengine yatakuja yenyewe: mchongaji wa Zama za Kati hakumtumia mnyama kama neno la kamusi lenye maana moja iliyofungwa. Maana ya mnyama ilitokana na mahali alipowekwa. Aliye chini ya unyayo, aliye juu ya mti, aliye kwenye kona ya jalada la Injili, aliye ukingoni katikati ya majani, kila mmoja ana lake la kusema, hata kama wote wanne ni simba. Ndiyo maana mimi hutazama kwanza yuko wapi na amekaa na nani, ndipo nikauliza jina lake.

Tazama kazi mbili zenye msalaba. Ya kwanza iko Munich, kwenye jalada la kitabu cha masomo ya Injili alichotengenezewa Henri wa Pili, mfalme wa Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 11. Kibao cha pembe kilichopachikwa hapo ni kikongwe kuliko kitabu chenyewe. Kilichongwa yapata mwaka 870, katika enzi ya Karolo Mpara, mjukuu wa Karolo Mkuu (Charlemagne), kikapata kazi mpya baada ya zaidi ya miaka mia moja. Kristo yuko msalabani, na chini kabisa, kwenye shina la msalaba, nyoka amejiviringisha. Huyu hahitaji maelezo marefu. Ni nyoka wa bustani ya Edeni, yule aliyeambiwa katika Mwanzo 3:15 kwamba uzao wa mwanamke utamponda kichwa, na mchongaji amemweka pale pale ambapo aliyeshindwa huwekwa, yaani chini. Sehemu ya chini ya kibao hicho hicho inawaonyesha wafu wakitoka makaburini, ili mtazamaji asiwe na shaka kwamba nyoka huyo amepoteza alichokuwa anakimiliki.

Kazi ya pili iko New York, katika jumba la The Cloisters lililo chini ya Makumbusho ya Metropolitan, ambayo iliinunua mwaka 1963. Ni msalaba wenye urefu wa karibu sentimita 58, uliochongwa Uingereza katika karne ya 12, na wengi huuhusisha na abasia, yaani nyumba ya watawa, ya Bury St Edmunds. Upande wa mbele, katikati kabisa, mahali ambapo mtu hutegemea kumwona Kristo peke yake, kuna duara lenye Musa na nyoka wa shaba aliyeinuliwa juu ya mti. Hapa nyoka hayuko chini. Yuko juu, watu wanamtazama wapate kuishi, kama ilivyosimuliwa katika Hesabu 21. Na sababu ya kuwekwa hapo ni maneno ya Kristo mwenyewe kwa Nikodemo katika Yohana 3:14, kwamba kama Musa alivyomwinua nyoka jangwani, ndivyo Mwana wa Adamu atakavyoinuliwa. Basi mnyama ni yule yule, mti ni ule ule, na maana zimepishana kama mbingu na ardhi kwa sababu mmoja yuko kwenye shina na mwingine yuko kileleni.

Kuhusu mwenzako, usimcheke. Hofu yake ina mizizi katika Biblia yenyewe, kwa maana Wafalme wa Pili 18:4 inasimulia kwamba mfalme Hezekia alimvunja vipande vipande yule nyoka wa shaba, kwa kuwa watu walikuwa wamefikia kumfukizia uvumba. Watu wa Zama za Kati waliisoma sura hiyo kama tunavyoisoma sisi. Tofauti ni kwamba katika fimbo hakuna anayemwelekea nyoka kwa ibada. Kila kitu kimepangwa kumzunguka mwanakondoo.

Sasa turudi kwenye picha yako, ambayo kwa maoni yangu ni ngumu zaidi kuliko kazi zote mbili nilizozitaja, kwa sababu nyoka wake hayuko chini wala juu. Amekuwa fimbo yenyewe. Aliyezoea Maandiko hukumbuka hapo hapo fimbo ya Musa iliyogeuka nyoka alipoitupa chini, ikarudi kuwa fimbo alipomshika mkia, na fimbo ya Haruni iliyozimeza fimbo za waganga wa Misri. Hukumbuka pia agizo la Mathayo 10:16, kuwa wenye busara kama nyoka, agizo walilopewa mitume ambao maaskofu hujihesabu kuwa warithi wao. Kwa hiyo nyoka mkononi mwa askofu aliweza kusomwa kama busara na mamlaka bila kumtia mtu wasiwasi. Lakini kinywa kile kilichoachama mbele ya mwanakondoo kinasema habari nyingine, ya vita. Mwanakondoo hakimbii. Amesimama, msalaba uko naye, na mara nyingi katika fimbo za aina hii ameugeuza uso wake nyuma, kama mtu aliyesikia kelele akageuka tu kutazama. Mimi naona kuwa mchongaji alizitaka maana zote mbili kwa pamoja: nguvu anayoishika askofu ni nguvu inayoweza kumeza, na kinachoizuia isimeze ni Mwanakondoo aliyesimama katikati ya mkunjo. Anayetaka kuchagua maana moja na kuitupa nyingine atalazimika kuikata fimbo vipande viwili.

Mwanakondoo huyo anatuambia pia jambo la kijiografia. Mwaka 692 maaskofu wa Mashariki walikutana Konstantinopoli katika mtaguso uitwao wa Trulo, na kanuni yake ya 82 iliamuru kwamba Kristo achorwe katika umbo lake la kibinadamu, wala si kama mwanakondoo. Roma haikuipokea kanuni hiyo, na Papa Sergio wa Kwanza aliagiza wimbo wa Mwanakondoo wa Mungu uimbwe katika Misa wakati wa kuumega mkate, agizo ambalo wanahistoria wengi huliona kuwa jibu lake kwa mtaguso huo. Tangu hapo njia zikagawanyika: pembe za Konstantinopoli zinamwonyesha Kristo kama mtu, aghalabu akiwa amesimama kwa heshima akibariki, ilhali za Magharibi ziliendelea kumchonga mwanakondoo kwenye misalaba, majalada na fimbo. Msalaba ambao mfalme Fernando na malkia Sancha waliutoa León mwaka 1063, na ambao leo uko Madrid, una mwanakondoo nyuma, katikati, akizungukwa na alama za Wainjili. Msalaba wa New York nao unaye mwanakondoo nyuma, lakini pale anachomwa mkuki na mwanamke anayewakilisha Sinagogi, yaani dini ya Kiyahudi. Sipendi kulipita hilo kimya. Ustadi wa kazi ile ni wa ajabu, na ndani yake kuna chuki dhidi ya Wayahudi iliyoandikwa waziwazi, na anayeusifu msalaba ule anapaswa kuviona vyote viwili.

Nakuja kwa simba. Hapa wanafunzi wengi hutegwa na vitabu vinavyotoa orodha, simba ni hiki, tai ni kile. Chanzo kikubwa cha elimu ya wanyama kwa Wakristo wa kale kilikuwa kitabu kidogo cha Kigiriki kiitwacho Fisiologo, ambacho inadhaniwa kiliandikwa Aleksandria katika karne za mwanzo za Ukristo, kikatafsiriwa katika Kilatini, Kisiria, Kiarmenia, Kiarabu na hata Kigeezi cha Ethiopia. Kinasema simba ana tabia tatu: huzifuta nyayo zake kwa mkia ili wawindaji wasimfuate, jinsi Kristo alivyouficha Umungu wake, hulala macho yakiwa wazi, na watoto wake huzaliwa wafu, hadi siku ya tatu baba anapokuja na kuwapulizia uhai. Msomaji wa Mara au wa Laikipia, anayemjua simba kwa kumwona, atatabasamu, na ana haki. Kitabu hicho hakikuandikwa na mtu aliyekaa porini. Kilikuwa kinamsoma mnyama kama mtu anavyosoma fumbo, na siku ya tatu ndiyo iliyokuwa jibu la fumbo hilo. Lakini Wakristo hao hao walikuwa na waraka wa kwanza wa Petro, 5:8, unaosema kwamba Ibilisi huzungukazunguka kama simba angurumaye akitafuta mtu ammeze. Simba alibaki na nyuso mbili, na hakuna aliyejaribu kumnyang'anya mmojawapo.

Zaburi ya 91 ndiyo inayotupa simba wa chini ya miguu. Fungua Biblia yako ya Kiswahili, mstari wa 13, nawe utakuta simba, nyoka, mwana-simba na joka. Mtawa wa enzi ya Karolo Mkuu hakusoma hivyo. Biblia yake ya Kilatini, ambamo zaburi hiyo ni ya 90, iliufuata mstari wa tafsiri ya Kigiriki, na wanyama wake walikuwa fira, basiliski, simba na joka. Kiswahili chetu kiliurudia mstari wa Kiebrania, ambao una simba wawili na nyoka wawili. Kilatini kina simba mmoja tu, na watambaao watatu. Fira ndiye yule kiziwi wa Zaburi ya 58 azibaye sikio lake asisikie sauti ya mganga, na basiliski alihesabiwa kuwa mfalme wa nyoka, anayeua kwa kutupa jicho. Mtu akiitazama picha ya kibao cha pembe cha enzi hiyo huku ameshika Biblia ya Kiswahili, atamtafuta mwana-simba asimwone, na atamwona kiumbe asiyemjua. Kosa si la mchongaji.

Mfano wake mzuri kuliko yote ni majalada mawili ya Injili za Lorsch, kitabu cha abasia ya Lorsch huko Ujerumani, yaliyochongwa karibu mwaka 810. Kila jalada limeundwa kwa vibao vitano, kwa kuwa hakuna jino la ndovu linaloweza kutoa ubao mmoja mpana kiasi kile, na leo yametengana: lenye Bikira Maria kati ya Zakaria na Yohane Mbatizaji liko katika Makumbusho ya Victoria na Albert mjini London, na lenye Kristo liko Vatikani. Kristo huyo wa Vatikani ni kijana asiye na ndevu, amesimama wima, na chini ya nyayo zake wako wanyama wa zaburi. Kipo kibao kingine cha wakati huo huo, kilichoko Oxford, ambamo Kristo amebeba msalaba begani kama askari abebavyo mkuki, anawakanyaga wanyama hao, na pembeni pamezungushwa matukio madogo madogo ya maisha yake. Simba wa hapo ni adui. Hakuna anayeweza kumtetea.

Kumbe kwenye kona za majalada mengi ya Injili yuko simba mwingine mwenye mabawa, ambaye ni Marko. Viumbe wanne wenye uhai wanatoka katika maono ya Ezekieli na Ufunuo 4:7: simba, ndama, mwenye uso wa mtu, na tai arukaye. Mgao wao haukuwa mmoja tangu mwanzo. Irenei wa Lyon, katika karne ya 2, alimpa Yohane simba na Marko tai. Ni mgao wa Mtakatifu Jeromu, karne mbili baadaye, ndio uliotawala Magharibi. Hoja yake ilikuwa namna kila Injili inavyoanza: Mathayo na ukoo wa mtu, Marko na sauti inayolia nyikani kama ngurumo ya simba, Luka na kuhani Zakaria, ambaye kazi yake ni sadaka, na Yohane na Neno, akiruka juu moja kwa moja kama tai. Papa Gregori Mkuu aliongeza usomaji ambao mimi huupenda zaidi, kwamba wote wanne ni Kristo mmoja: mtu katika kuzaliwa, ndama katika kufa, simba katika kufufuka, tai katika kupaa. Kwa hiyo ukiniuliza simba ni nani, nitakuomba uniambie kwanza kama yuko kwenye kona akiwa na kitabu au yuko chini ya kisigino.

Kuna wanyama ambao si fumbo kabisa. Katika maktaba ya abasia ya St. Gallen, Uswisi, kuna vibao viwili vikubwa vya pembe ambavyo mtawa Tuotilo alivichonga karibu mwaka 895 kwa ajili ya jalada la kitabu cha Injili. Ekkehart, mtawa wa karne ya 11, alisimulia kwamba vibao hivyo vilikuwa vya Karolo Mkuu, akiviweka karibu na kitanda ili aandikie usiku. Kisa hicho nakitaja kwa kuwa ni kitamu, si kwa kuwa nimekisadiki. Kimoja kinaonyesha dubu akibeba gogo, kisha akipokea mkate kutoka kwa Mtakatifu Gallus, ambaye abasia hiyo ina jina lake. Dubu huyo hawakilishi Shetani wala Kristo. Ni dubu wa hadithi ya mahali pale, aliyeamriwa alete kuni naye akatii. Juu ya kibao hicho hicho, ndani ya matawi yanayosokotana, simba anamrarua mnyama mwenye kwato, na huyo ni pambo la kale ambalo Wakristo walilirithi kutoka kwa Warumi na watu wa Mashariki. Wako waandishi wanaolazimisha maana hata hapo. Mimi nimeacha kufanya hivyo.

Hata watu wa zama zenyewe walijua kwamba wanyama wengine hawana somo. Karibu mwaka 1125 abati Bernardo wa Clairvaux alilalamika kwa ukali kuhusu nyani, simba wakali na viumbe nusu mtu nusu mnyama waliochongwa katika mawe ya nyumba za watawa, akisema mtu angeshinda kutwa akiwashangaa kuliko kuitafakari sheria ya Mungu. Akaongeza kwamba kama watu hawaoni haya kwa upuuzi huo, basi wangalau waione gharama yake. Ingekuwa kila mnyama ana fundisho linalojulikana, Bernardo asingekuwa na la kulalamikia. Naye mtawa fundi aitwaye Theofilo, katika kitabu chake cha ufundi cha wakati huo huo, anafundisha kuchonga pembe na mfupa kwa kukipaka kipande chokaa, kuchora umbo juu yake kwa madini ya risasi, kisha kukata kwa vyuma vya namna mbalimbali, na miongoni mwa mapambo anayoyataja ni wanyama wadogo na ndege, bila neno hata moja kuhusu maana zao. Wale ndege wawili ulioniuliza kwenye tufe lililo chini ya mkunjo wa fimbo, mimi nawahesabu katika kundi hili.

Italia ya kusini na Sisilia, zilikotoka fimbo nyingi za aina ya yako, zilikuwa mahali ambapo Walatini, Wagiriki na Waarabu walikaa soko moja. Huko ndiko zilikochongwa pia, katika karne ya 11 na ya 12, baragumu kubwa za pembe nzima ya ndovu, zenye simba, ndege na swala ndani ya miduara iliyoungana kama ushanga, kwa mtindo ambao msomaji aliyezoea nakshi za Kiislamu ataujua mara moja. Nyingi ziliishia makanisani, zikahifadhi masalia ya watakatifu au zikawa ushahidi wa umiliki. Baragumu ya Ulf, katika kanisa kuu la York, ilitolewa pamoja na ardhi ikiwa ndiyo hati yake. Mtu wa pwani aliyeisikia siwa ya Pate, ambayo nayo ni ya pembe, hatashangaa kwamba kitu cha kupulizwa kinaweza kubeba mamlaka ya mji.

Nyati naye asisahaulike, ingawa nitampitia haraka. Zaburi ya 22 kwa Kiswahili ina pembe za nyati; neno lile lile la Kiebrania, Wagiriki na Walatini walilifanya mnyama mwenye pembe moja, na Fisiologo kikaeleza kwamba hakamatwi na mwindaji yeyote isipokuwa bikira, ambaye mnyama huja kulala mapajani pake. Wanateolojia walimwona hapo Kristo akiingia tumboni mwa Maria. Wachongaji wa Paris, kati ya miaka ya 1300 na 1350 hivi, walimchonga kwenye visanduku vya wanawake matajiri, kando ya wapenzi wa hadithi Tristan na Iseult wakichunguliwa na mfalme aliyejificha mtini. Kimoja kiko Baltimore. Umbile ni lile lile, bikira ni yule yule, na safari hii habari imekuwa ya mapenzi. Amebadilishiwa majirani, akabadilika na yeye.

Limebaki swali la pembe yenyewe, ambalo nimelichelewesha kwa makusudi, kwa sababu mnyama wa kwanza katika kazi hizi ni ndovu ambaye haonekani. Vitabu vya wanyama vilimsifu kuwa na damu baridi na usafi wa mwili usio na kifani, asiye mwepesi wa tamaa, mwenye kuzaa mara moja. Vilidai pia kwamba hana magoti, hulala akiegemea mti, na mti ukikatwa huanguka asiweze kuinuka hadi aje ndovu mdogo kumwinua, ambaye ni Kristo. Kwa sifa hizo, na kwa weupe wake, pembe ilionekana kufaa kuliko kitu chochote kwa sanamu za Bikira. Wewe mwenyewe, kila usalipo Litania ya Bikira Maria, unatamka "Mnara wa pembe," maneno yaliyotoka katika Wimbo Ulio Bora 7:4. Na kiti cha enzi cha Sulemani katika Wafalme wa Kwanza 10, kilichokuwa cha pembe na chenye simba kumi na wawili kwenye ngazi zake, kilisomwa kuwa ni Maria ambaye Hekima iliketi juu yake. Bikira wa Sainte-Chapelle, aliye Louvre, ana kimo cha sentimita 41 na amepinda kiuno kidogo kwa kufuata mpindo wa jino. Weupe huo lakini usitudanganye. Nyingi zilitiwa rangi na dhahabu kwenye nywele, pindo za nguo na macho, na nyoka wako huenda aling'aa kuliko anavyoonekana leo.

Pembe za ndovu hazikupatikana kila wakati. Kaskazini mwa Ulaya, kuanzia karibu mwaka 1000 hadi mwanzoni mwa karne ya 13, mafundi walitumia sana meno ya walrasi, mnyama mkubwa wa bahari ya barafu, ambaye Warusi waliyaita meno yake jino la samaki. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mengi ya karne ya 12 na kuendelea yalitoka Greenland. Msalaba wa New York ni wa jino hilo, ndiyo maana umeungwa kwa vipande vyembamba. Kisha, kati ya miaka ya 1230 na 1240, ndovu akarudi Paris kwa wingi na kwa ukubwa. Meno yale mapana ni ya ndovu wa savana ya Afrika, na wanahistoria huyatafutia njia mbili: misafara ya Sahara, na bahari, kutoka pwani yetu kwenda Aden, Bahari ya Shamu, Aleksandria, hadi bandari za Mediterania. Kwamba pwani yetu iliuza pembe hakuna ubishi. Al-Masudi, mwandishi wa Kiarabu aliyesafiri katika bahari ya Wazanji na kurudi Oman mwaka 916, aliandika kwamba pembe za nchi hiyo zilipelekwa Oman, kisha India na China, na kwamba isingekuwa hivyo, nchi za Kiislamu zingejaa pembe. Alichokiona ni biashara inayoelekea mashariki. Sehemu ya kuelekea magharibi iliongezeka baadaye.

Kiswahili, kama unavyojua, huliita jino hili pembe, na Ezekieli 27:15 kwa Kiebrania huliita pembe za jino, kwa hiyo tuna wenzetu wa zamani katika kosa hilo. Ukitaka kuhakikisha kwamba fimbo yako ni ya ndovu na si ya walrasi, ikuze picha sehemu ya chini, pale kichwa cha fimbo kilipokatwa kukingama ili kiungwe na mti wake. Jino la ndovu likikatwa hivyo huonyesha mistari myembamba inayokatana kama matundu ya wavu. La walrasi halina wavu huo, na kiini chake kina madoadoa kama uji ulioganda vibaya.